Pole Iliyokatazwa

Jerop alirudi kutoka mazoezini akajibwaga kwenye kizingiti, hata viatu hakuvua. Kilima alichozoea kukipanda akicheka, leo alikipanda mkono kiunoni. Lakini bangili yake ya kupima damu iliwaka kijani, na kwa sheria ya kambi ya wakimbiaji, mkimbiaji wa kijani hachoki. Kumwambia pole ni kumfundisha uvivu. Bangili ikisikia neno hilo, gari la kambi huja kumchukua mkimbiaji huyo, na nyumbani harudi tena.

Baba yake, Chemweno, alimwona akitafuna kitu.

"Unakula udongo kama mama mjamzito?"

"Mjamzito wa nani, Baba? Hata nguvu ya kumsalimia mvulana sina. Mwili ndio unautaka."

Chemweno alimfunua kope. Ndani palikuwa peupe kama karatasi.

"Huna damu wewe. Bangili inasemaje?"

"Inasema niko sawa."

"Kwani hiyo bangili imewahi kukimbia?"

Akaketi kando yake, akaushika mkono wenye bangili na kuusogeza mdomoni kwake, ili isije ikasema haikusikia vizuri.

"Pole, mwanangu. Pole sana."

Bangili ikalia mara moja.

"Baba! Watanichukua!"

"Waje. Wakifika hapa wanahema, nao nitawapa pole. Kesho hukimbii. Utakula maini na kulala."

Jerop akamwegemea begani. Muda si muda, gari likasikika likipanda kilima. Yeye hakulisikia. Alikuwa amelala fofofo, na bangili bado ilikuwa kijani.