Chupa ya Mama Mkwe

Mkojo wa mama mkwe ulichemka juu ya taa ya spiriti. Dawa ya buluu iliyochanganywa nao ikageuka kijani, kisha njano, mwisho ikawa nyekundu kama tofali, ishara ya sukari tele. Filemoni akageuza uso. Harufu ilimpanda puani, lakini kilichomtia kinyaa zaidi ni uroho wa mwenye mkojo.

"Anakunywa ulanzi," alimwambia mkewe. "Tena ule mtamu, uliogemwa kwenye mianzi asubuhi. Mtu mzima ovyo!"

"Baba Sila, mama haonji hata tone," Tabea alijibu. Alikuwa amesimama karibu na mtungi, kata ya maji mkononi.

"Dawa haisemi uongo."

Mwaka ule wa 1954 Filemoni alikuwa mgawa dawa pale Makambako. Wagonjwa wenye haya aliwachekesha kwa kuwaambia, "Mficha uchi hazai," nao wakajieleza. Bibi Hulda, mama yake Tabea, alipokutwa na ugonjwa wa sukari huko Njombe, daktari alimkabidhi Filemoni chupa za insulini ya kushusha sukari na kazi ya kupima mkojo wake kila Jumamosi. Kwa mgonjwa mwingine yeyote angeifanya kwa moyo mmoja. Kwa mkwewe ilikuwa adhabu.

Miaka sita ya ndoa hakuwahi kumtazama usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja aliingia majanini mpaka mwenzake apite. Bibi alikaa kibandani nyuma ya uzio wa matete. Tabea ndiye aliyempelekea chakula, ndiye aliyemchoma sindano, ndiye aliyerudi na chupa imeviringishwa kitambaa. Heshima yote hiyo, na bado kila wiki Filemoni achemshe uchafu wa mlevi!

"Na wewe umekonda kwa ajili yake," alifoka. "Unashinda kibandani. Hata chooni huendi tena, unakojolea kopo lake kila saa kama mtoto. Hamna haya, nyote wawili!"

Tabea akanywa maji yake. Filemoni akaandika kipimo kipya cha sindano, kikubwa kuliko cha wiki iliyopita. Ilikuwa mara ya tatu kukiongeza.

Kesho yake, kengele ya kanisa ilikuwa bado inalia Tabea alipokuja mbio.

"Mama anatetemeka! Baridi yote hii, jasho linamtiririka. Hanijui!"

Filemoni aliijua hali ile. Sukari ilikuwa imemwishia mwilini. Lakini iishe vipi, kwa mtu anayefakamia ulanzi? Hakungoja jibu. Alinyakua kopo la sukari, akaruka uzio, akaingia mahali ambapo mkwe haingii. Akamwinua yule mama kichwa, akamnywesha maji ya sukari, kijiko kwa kijiko.

Uso alioukwepa miaka sita ulikuwa mdogo, wenye mikunjo ya upole. Haukunuka pombe hata kidogo.

Baada ya muda Bibi Hulda akafumbua macho. Alipomtambua aliyemshika, akavuta kanga, akajifunika uso, akalia kwa fedheha.

"Nisamehe, baba. Mkojo wangu uangaliwe na mkwe wangu? Bora nife. Sijaijaza chupa yako hata siku moja. Nilikuwa nasubiri Tabea alitumie kopo, akitoka nachota wake."

Filemoni akageuka. Mlangoni, Tabea alikuwa amemaliza kata ya tatu ya maji, naye anauinamia mtungi wa mama yake kuchota nyingine.