Safi

Karavani ya bosi, nyumba ya magurudumu, ilikuwa imetoka jangwani, na Levis, dereva, alikuwa amemaliza kumwaga uchafu wa choo kwenye shimo la majitaka la Umm Salal, Qatar. Mhudumu Mwarabu akaokota mpira wa maji uliosuuza bomba la choo, akamwonyesha.

“Safi?”

Levis akachangamka, maana tangu asubuhi hakuna aliyemjulia hali. “Safi kabisa, ndugu yangu.”

Alipogeuka, mpira ulikuwa ukitiririsha maji ndani ya tangi la kunywa. Mdomoni mwa tangi kilinata kipande cha karatasi ya chooni, kimelowa.

Kumbe hakusalimiwa. Aliulizwa.

Bomba la jikoni likafunguliwa. Levis akatafuta Kiarabu cha kuzuia, kikamtoroka.

“Bismillah,” akasema mamake bosi ndani ya karavani.