Chai ya Madam

"Hata kidogo itaonekana, dada?"

Wairimu aliinua kichwa. Kiswahili cha nyumbani! Tangu asubuhi, hapo maabara, alikuwa amepima kafeini kwenye chai na kahawa ishirini na tatu za mahoteli ya West Bay, Doha, na macho yalimwasha kwa uchovu. Mbele yake alisimama Nafula, mfanyakazi wa ndani, chupa ya chai mkononi, nywele zimesukwa upya. Nyuma ya kioo alikaa Madam wake, uso umevimba kwa kukosa usingizi.

Nafula alieleza kwa sauti ya chini. Daktari alimkataza Madam kafeini, lakini wiki mbili sasa hapati usingizi. Anashuku Nafula anampikia majani ya kawaida badala ya yale yasiyo na kafeini aliyoandikiwa. Kafeini ikipatikana, Nafula anapandishwa ndege kesho.

"Itaonekana," Wairimu alisema.

"Na mashine haikosei?"

"Haikosei. Kaa hapo, usijali."

Maskini wa Mungu, aliwaza. Miaka sita Doha ameona wengi wakirudishwa mikono mitupu, na kila mara roho ilimuuma. Aliichuja chai, akaitia kwenye mashine, akaegemea ukuta kusubiri. Miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Mstari ukapanda kwenye skrini. Miligramu arobaini na mbili kwa kikombe. Majani ya kawaida, tena yamekolezwa haswa.

Wairimu hakuwahi kudanganya kwenye karatasi ya majibu hata siku moja. Wangemgundua, kazi yake nayo ingeota mbawa. Lakini jamani, kikombe cha chai tu! Akaandika miligramu mbili, kiasi cha majani yasiyo na kafeini, akagonga muhuri, akampelekea Madam.

Madam alisoma, akashusha pumzi, akamshika Nafula bega. "Nisamehe," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Wewe huendi popote." Akatangulia kwenye gari.

Wairimu alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nimekufichia," alimnong'oneza Nafula. "Ilikuwa arobaini na mbili. Nenda, ila usirudie tena."

Nafula alibubujikwa na machozi.

"Dada, umenimaliza," alisema. "Mwaka wa tatu huu naomba ruhusa nirudi kwa watoto wangu, wananinyima. Chai hiyo niliikoleza makusudi, ili wanifukuze."