Wimbo wa Harusini

Mwalimu Shaali alifundisha kupiga udi kwa mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi za sauti kwenye nyuzi tu, mwaka mzima, bila wimbo hata mmoja. Nyimbo aliziita takataka.

Siku hiyo alipoingia darasani alimkuta Bi Mwanakheri, muuza maandazi aliyeanza kujifunza utu uzimani, akipiga wimbo wa harusini huku akitabasamu. Alipofika penye mwendo wa kasi, vidole vikajikwaa, akakwama.

Shaali akacheka kwa dharau. "Umeona? Vidole vya kukandia unga hivyo! Unataka raha kabla ya kazi."

"Kweli, vidole bado," Bi Mwanakheri akajibu. "Lakini wewe, mwalimu, ni lini mara ya mwisho mtu alikualika umpigie harusini kwake?"

Kicheko kikamkatika. Akampokonya udi. "Tazama, mvivu wewe!"

Akapiga pale alipokwama mwanafunzi wake, safi kabisa. Kisha, badala ya kuacha, akaendelea na ubeti uliofuata, na mwingine. Midomo alikuwa bado ameibetua kwa dharau, lakini mguu wake mmoja ulikuwa umeanza kugonga sakafu, taratibu.