Shimo la Mwisho

Katekista Donatus aliangalia saa yake kwa mara ya tatu, lakini hakuna aliyethubutu kumharakisha Paskalina. Mama huyo alikuwa ameagiza runinga itolewe nje, chini ya turubai, na kila mtu asubiri.

Nusu ya Ushirombo ilikuwa pale. Wanawake walikuwa wameacha masufuria motoni nyuma ya nyumba, na wachimbaji walikuja moja kwa moja na matope yao, macho mekundu kwa kukesha wakifukua kifusi. Saa nane kamili wimbo wa kipindi ukaanza, na Masalu, mwanawe Paskalina, akatokea kwenye kioo na kofia nyeupe, anatabasamu.

Ilikuwa fainali ya mashindano ya ufundi wa gofu, yaliyorekodiwa mwezi uliopita na kurushwa kila Jumamosi. Masalu alijifunza gofu kwa nondo iliyopindwa, juu ya vifusi vya mgodi. Wiki ya kwanza alivunja sahani kwa mpira. Ya pili akaupitisha katikati ya tairi. Mshindi angepata kazi ya kufundisha gofu Arusha, asishuke tena duarani, kwenye mashimo ya dhahabu ya Geita, maisha yake yote. Paskalina hakuwahi kumwombea kitu kingine.

“Hakukuambia kama alishinda?” Paskalina alimuuliza Maduhu, mwenzake Masalu wa duarani.

“Alisaini karatasi ya kutunza siri, mama. Angesema kabla ya leo, kazi wangempa mtu mwingine. Nilimbana, akacheka tu. Jumatatu akashuka na sisi kama kawaida.”

“Angekuwa ameshinda, angeshuka kutafuta nini?” shangazi yake Masalu alinong'ona. Wote waliwaza hivyo hivyo, na iliuma.

Mpinzani akakosa. Masalu alibakiwa na pigo moja, mpira umezama mchangani. Alichutama, akachota mchanga kidogo, akausugua kwa vidole kama mchimbaji yeyote wa huku. Kisha akapiga. Mpira ukaruka, ukatua kwenye nyasi, ukaviringika polepole, ukatumbukia.

Wanawake wakashika vichwa, mmoja akaanza kulia. Huku kwetu hakuna anayeshangilia kitu kikitumbukia shimoni.

“Maduhu,” Paskalina aliita. “Umeingia shimoni. Ndiyo nini?”

“Kwao huko ndiyo kushinda, mama.”

“Ameshinda?”

“Ameshinda. Kumbe alishuka ili tusishtukie.”

Kwenye kioo Masalu alinyanyua fimbo juu, vikaratasi vya rangi vikimmwagikia mabegani. Paskalina alimtazama mpaka picha ikaisha. Akazima runinga kwa mkono wake, akakaza kanga kiunoni, akamgeukia katekista.

“Nilitaka nijue kwanza,” alisema. “Sasa tukamzike.”