Kaburi la Mama Mkwe

Upepo uling'oa banda la kuku ukalitupa kwenye migomba ya jirani. Salafai akabaki mvuani na tetea wawili kwapani, wengine wakimzonga miguuni.

"Waweke kaburini," mama mkwe akasema kutoka barazani.

Kaburi lilikuwa hapo mbele ya nyumba, la zege na vigae vyeupe, kama makaburi mengine ya kisiwa cha Savaii. Mama mkwe alijijengea mapema, kando ya marehemu mumewe, na upande wa miguu lilikuwa bado wazi.

"Mama, mle si mahali pa kuku."

"Kwani kaburi ni la nani? Ingiza."

Aliwaingiza mmoja mmoja. Mioyo iliwadunda chini ya manyoya yaliyolowa. Akaegemeza bati mlangoni.

Ndipo paa la nyumba likanyanyuka lote kwa pamoja, likaenda zake baharini.

Mama mkwe alishuka taratibu, akishika ukuta. Akalisogeza bati, akavua kandambili, kama anavyofanya akiingia nyumba za watu.

"Tangulia wewe, mwanangu," akasema. "Mimi sitaki kaburi linizoee mapema."