Jina Linalotokea

Kidole gumba cha msusi kilikuwa bado kinateleza kwa mafuta ya nywele. Alikifuta kwenye aproni, kisha akakifuta tena.

"Bonyeza hapo tu kwenye simu, dada," mtafiti alimwambia kwa upole. Alikuwa akitafiti wanawake wanaopokea malipo ya biashara kwa simu. "Namba ya saluni ikihamia kwenye jina lako, hata mkopo utapata. Kwa sasa, kwenye namba hii mwenye saluni bado ni mumeo."

Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka uliopita. Lakini kila mteja, kabla ya kutuma pesa, alilisoma kwanza jina lililotokea, asije akamtumia mtu mwingine. Kutwa nzima watu walimtaja, naye msusi aliitikia, "Ndiye bosi wangu huyo. Tuma."

Alishusha kidole. Kikabakiza upana wa unywele mmoja tu kuigusa simu.

"Dada, nikulipe nikimbie?" aliuliza mteja aliyekwisha kusukwa, akiinuka kitini.

"Nisubiri kidogo, mdogo wangu," msusi alimwambia mtafiti. Akamgeukia mteja.

"Lipa. Ila jina lisome kwa sauti. Lisome lote."